Jiko la Mama Fred

Asubuhi ya kesi, mshtakiwa na mlalamishi walitoka katika nyumba moja. Walikuwa wamekunywa chai ya birika moja, na mlalamishi alikuwa amevaa gauni la mshtakiwa, kwa kuwa nguo zake zote ziliteketea pamoja na jiko.

"Kitambaa hicho kinakufanya ufanane na mwizi wa kuku," Kwamboka alisema, akimtazama Bathsheba kuanzia kichwani hadi miguuni. "Funga kile cheupe."

"Kile ni cha Sabato."

"Na hakimu utamwendea na cha shambani? Funga cheupe, Mama Brandon. Mtu akikuona ajue huyu ni mama wa kanisa."

Bathsheba akatii. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado na bendeji, kwa hivyo Kwamboka ndiye aliyemfungia fundo kisogoni, akalikaza, akalipapasa kama anayempamba bibi harusi. Bathsheba alivumilia vidole vile shingoni mwake. Alitamani vingekuwa vikali.

Wawili hao waliolewa na ndugu wa tumbo moja, katika kilima kimoja juu ya Ikonge. Bathsheba alitangulia, mke wa Obwocha, kaka mkubwa. Kwamboka alifuata baadaye, mke wa Nyangau, msichana mwembamba aliyetoka upande wa Nyakoe na ambaye hakuwa amewahi kuvaa kikapu cha chai mgongoni. Bathsheba ndiye aliyemfundisha kuchuna, akimpiga vidole kila alipokwanyua jani lililokomaa. Fred, kifungua mimba wa Kwamboka, alizaliwa kitandani kwa Bathsheba, kwa sababu mvua ya siku hiyo haikuruhusu mtu kwenda hospitali. Kisha waume wakafa, mmoja kwa sukari, mwingine kwa presha, na wajane wakabaki kila mmoja kwake, katikati yao pana mistari michache ya chai na migomba ya mpakani. Chumvi ilivuka mpaka ule, makaa yalivuka, habari za kanisani zilivuka. Mwezi wa Januari moto nao ukavuka.

Ilikuwa hivi. Bathsheba alikuwa amepogoa chai yake kuukuu, na matawi yalikuwa yamekauka chini kwa jua la kiangazi. Akayakusanya pamoja na majani makavu ya migomba, akawasha. Alifanya hivyo kila mwaka. Aliangalia upepo, hakukuwa na upepo. Aliweka ndoo ya maji karibu. Kisha simu ikalia.

Alikuwa Brandon, mwanawe wa pekee, kutoka Nairobi. Mtandao pale shambani ulikuwa wa kubahatisha, kwa hivyo Bathsheba alipanda hadi langoni, mahali ambapo sauti haikatiki. Huko akasikia kwamba Pasaka pia hatakuja. Krismasi hakuja, na mwaka uliotangulia hakuja. Alikuwa na sababu, kama kawaida sababu nzuri, na aliitoa kwa upole, jinsi anavyozungumza mtu ambaye mkono wake tayari uko kwenye kitufe cha kukata. Bathsheba akamwambia hakuna shida. Alisimama kidogo akiitazama simu ilivyozimika, kisha akateremka.

Cheche zilikuwa zimeruka. Upepo uliochelewa ulizichukua hadi kwenye nyasi kavu za mpakani, nyasi zikaubeba moto hadi kwenye rundo la kuni lililoegemezwa kwa jiko la Kwamboka, na moto ulikuwa tayari unalamba boriti.

Jiko lile halikuwa jiko hivi hivi. Fred, mwenye duka la vipuri vya pikipiki mjini Kisii, alikuwa amemjengea mama yake kwa matofali, sakafu ya simenti, mabati mapya, bomba la kutolea moshi, na chumba kidogo cha kulala ubavuni, kwa kuwa mama alipenda kulala karibu na joto. Alilizindua mwezi wa Novemba kwa maombi. Siku hiyo Bathsheba alisema mbele ya wageni, "Heri wewe, Mama Fred. Wengine wetu tutaendelea kula moshi." Watu walicheka, naye alicheka.

Sasa alisimama katikati ya chai yake, ndoo i mkononi, akalitazama jiko lile likishika moto. Na moyo wake ukasema, waziwazi, kana kwamba ni mtu aliyesimama nyuma yake: *Sasa tumelingana.*

Wala haukusema kwa huzuni. Ulisema kwa raha.

Ilikuwa muda wa pumzi chache tu. Kisha akapiga mayowe ambayo yalisikika hadi kituo cha kupimia majani, alikokuwa Kwamboka, akakimbia. Alimwaga ndoo, akaijaza tena, akaimwaga. Alipoona maji hayasaidii aliingia ndani mwenyewe, akaburuta gunia la wimbi, akarudi, akatoa mbuzi aliyefungwa nyuma ya mlango. Boriti ikamwangukia mkononi alipokuwa anatoka mara ya pili. Majirani walipofika walimkuta amekaa chini na yule mbuzi mapajani, ngozi ya mkono imechunika, analia. Jiko halikuokoka, wala kile chumba.

Kilima kizima kilimsifu. Mzee Abner, kiongozi wa kanisa, alimtaja Sabato iliyofuata kama mfano wa kumpenda jirani. Bathsheba alijiinamia kwenye benchi. Kila sifa iliingia mwilini mwake kama mwiba.

Mtu mmoja tu hakumsifu. Fred alifika jioni ile ile kutoka Kisii, akasimama mbele ya majivu akiwa na funguo za duka bado mkononi. Hakulia. Aliuliza maswali. Nani aliwasha moto? Alikuwa wapi moto ukivuka? Na Nyabuto, mwendesha bodaboda aliyekuwa akipita barabara ya juu, akamwambia jambo lililomkosesha usingizi: kabla ya mayowe, alimwona Mama Brandon amesimama tu, anatazama.

"Anatazama vipi?" Fred aliuliza.

"Anatazama tu. Kama mtu anayetazama mvua."

Fred akakumbuka yale maneno ya kula moshi. Akaenda polisi. Mama yake alipopata habari, Bathsheba alikuwa ameshaandikisha maelezo, ameachiliwa kwa dhamana ya polisi, na ameshtakiwa kwa kuchoma nyumba kwa makusudi.

"Mtoto wangu amerogwa na hasira," Kwamboka alimwambia Bathsheba, akijifunika blanketi kwenye kitanda ambacho zamani kilikuwa cha Brandon, maana hapo ndipo alipohamia usiku uleule wa moto. "Mamake mkubwa! Aliyemkata kitovu! Usijali. Tutaenda pamoja, niwaambie ukweli."

Bathsheba hakujua ukweli atakaoambiwa hakimu ni upi.

Mahakamani mjini Nyamira waliketi benchi moja hadi askari alipowatenganisha, akimsukuma Bathsheba taratibu upande wa washtakiwa. Kwamboka alimpenyezea ndizi mbivu kwenye mfuko wa sweta kabla hajaondoka. Fred alikaa safu ya nyuma, hakumsalimu yeyote.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, sauti yake ya chini. Karani akasoma mashtaka kwa Kiswahili, kisha akayageuza kwa Ekegusii pole pole: kwamba tarehe fulani, mahali fulani, yeye Bathsheba, kwa makusudi na kinyume cha sheria, alichoma moto jiko la Kwamboka.

"Unasemaje? Unakubali au unakataa?"

Bathsheba aliushika ukingo wa kizimba kwa mkono mzima. "Nakubali," akasema.

Kwamboka akainuka kwenye benchi. "Hapana, hakubali."

"Mama, keti," hakimu alisema. Akamgeukia Bathsheba. "Unakubali nini hasa? Nieleze kwa maneno yako."

"Moto ulikuwa wangu. Niliuwasha kwa mkono wangu. Nikauacha nikaenda kuongea na simu, ukala jiko la mwenzangu."

"Ulipouwasha, ulitaka jiko liungue?"

"La. Nilitaka matawi yaungue."

"Basi hukukusudia."

Karani alimngoja Bathsheba. Chumba kizima kilimngoja. Hakuwa na neno la kumfafanulia hakimu kwamba kulikuwa na wakati wa kuwasha na wakati wa kutazama, na kwamba nia ilichelewa kama ule upepo, ikafika moto ukiwa tayari umefika.

"Mahakama inaandika kwamba umekataa mashtaka," hakimu alisema kwa upole. "Mtu hawezi kukubali kosa ambalo maelezo yake mwenyewe yanalikana. Kesi itasikilizwa. Je, kuna mtu wa kumdhamini?"

Kwamboka alikuwa wima kabla karani hajamaliza kutafsiri. "Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Kwamboka. Mwenye jiko."

Hakimu akavua miwani. "Mama, wewe ndiwe mlalamishi. Mshtakiwa akitoroka utajuaje alipo?"

"Hawezi kutoroka. Anakaa na mimi." Kisha akajirekebisha. "Yaani, mimi ndiye ninakaa naye."

Watu wakacheka, hata askari. Hakimu hakucheka, lakini alikaa kitambo akiwatazama wale wanawake wawili, kisha akaamuru Bathsheba aende nyumbani kwa ahadi yake mwenyewe tu kwamba atarudi. Fred alikuwa ameshatoka nje.

Kesi ilisikilizwa mvua za masika zilipokwisha kuanza. Nyabuto alisema alichokiona, na hakuongeza chumvi. Kisha Kwamboka akaapa kwa Biblia, akaulizwa kuhusu kule kusimama.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nimeishi na huyu mama tangu nikiwa msichana. Alisimama kwa sababu alishtuka. Mtu mzima akiona moto miguu hufa ganzi. Mnataka aruke kama mtoto? Ile roho yake mimi naijua kuliko ninavyoijua yangu. Haina hata tone la ubaya kwangu."

Alisema hayo akimwangalia Bathsheba usoni, na uso wake ulikuwa umejaa huruma. Bathsheba akatazama sakafu. Kama mtu angemwuliza wakati huo ni adhabu gani iliyo kubwa kuliko zote, angesema ni hiyo: kutetewa na mtu uliyemkosea, kwa jambo lile lile ulilomkosea.

Hakimu alisoma uamuzi wake wiki iliyofuata. Alisema sheria huuliza mkono ulifanya nini, na nia ilikuwa nini wakati mkono ulipokuwa ukifanya. Mkono uliwasha matawi. Nia ilikuwa kusafisha shamba. Kuacha moto bila mtu wa kuuangalia ni uzembe, nao una lawama yake, lakini sio mashtaka yaliyoletwa. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Yuko huru.

"Kuna neno ungependa kusema kabla hujaenda, mama?"

"Nilisimama," Bathsheba alisema.

Karani alitafsiri. Hakimu akamtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Kusimama si kosa, mama. Nenda nyumbani."

Walirudi kilimani kama maarusi. Watu wa kanisa waliwapokea kwa nyimbo, Mzee Abner akaomba maombi marefu akimshukuru Nyasae, Mungu aliyemtoa mjane kwenye tundu la simba, na wanawake wakapika wali na kuku. Kwamboka alicheza. Alimshika Bathsheba mkono ule uliopona, ngozi yake mpya ikiwa bado ya waridi, akauinua juu ili watu wote wauone. "Mkono uliomtoa mbuzi wangu motoni!"

Bathsheba alikula matonge mawili, akaweka sahani chini.

Alikuwa amedhani kwamba mahakama ingelimaliza jambo lile. Alidhani jambo likishafikishwa mbele ya watu wenye kanuni na vitabu, likapimwa, likapewa jina, basi litamtoka, ama kwa kufungwa ama kwa kuachiliwa. Sasa ameachiliwa, na lile jambo bado lipo pale pale, chini kidogo ya kifua, halijaguswa. Hakimu alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Alitafuta mahali pote sheria inapofika. Palipobaki hapakuwa pake.

Siku chache baadaye walikuwa wameketi barazani wakichambua mboga ya chinsaga. Mvua ilikuwa imenyesha ikapita. Kwamboka alikuwa anasimulia jinsi Fred alivyompigia simu, jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo, na kwamba ameahidi kuja na fundi kuanza jiko jipya.

"Ataomba msamaha," alisema. "Nimemwambia asije kwangu kabla hajaanzia kwako. Kumshuku mama yake mkubwa ubaya!"

"Mama Fred," Bathsheba alisema, "siku ile nilisimama."

"Tena hilo? Si hakimu alikuambia..."

"Nisikilize. Sikushtuka. Nilisimama kwa sababu nilikuwa nafurahi."

Kwamboka alicheka, halafu akaona uso wa mwenzake, kicheko kikakatika.

Bathsheba alisema yote. Simu ya Brandon, langoni, njia ya kuteremka, mabati yaliyong'aa tangu Novemba kila alipofungua dirisha asubuhi. Alisema yale maneno ambayo moyo uliyasema, bila kuyapunguza makali. "Ulikuwa muda mfupi. Sijui mfupi kiasi gani. Lakini ulikuwepo. Na muda ule kuni tu ndizo zilikuwa zinawaka vizuri, na boriti moja. Labda ningekimbia hapo hapo, ndoo ingetosha. Labda isingetosha. Sitajua hadi nizikwe."

Kwamboka aliendelea kuchambua. Alichambua shina moja hadi halikubaki na jani, akaanza lingine.

"Jiko nilikusamehe siku ile ile," alisema hatimaye. "Sikuwa hata na haja ya kusamehe. Jiko ni matofali."

"Najua."

"Lakini hili." Aliweka mboga chini. "Mimi nilisimama mbele ya watu nikaapa. Nikasema hakuna tone."

"Najua, Mama Fred."

"Mbona hukuninyamazisha?"

Kwamboka akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevua gauni la buluu la Bathsheba na kuvaa lile alilonunuliwa na Fred, na mkononi ana mfuko wa plastiki wenye vitu vyake vichache. Hakufoka. Alifunga mlango kwa utaratibu, akapita kando ya Bathsheba, akateremka kwenda barabarani kutafuta gari la Kisii.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Mvua iliipa chai nguvu, na katika shamba la Kwamboka machipukizi yalirefuka hata yakaanza kukomaa bila mtu wa kuyachuna. Bathsheba hakuomba ruhusa. Alfajiri alivaa kikapu akachuna la mwenzake kwanza, akapeleka kituoni kwa nambari ya mwenzake ili fedha zimfikie, kisha akarudi kuchuna lake jua likiwa kali. Wanawake kituoni walimwuliza Mama Fred yuko wapi. Alisema amekwenda kumwona mwanawe. Walimwuliza atarudi lini, akasema hajui. Hakufanya hivyo kama malipo, kwani alijua kwamba alichovunja hakipimwi kwa kilo. Ila hakuweza kuvumilia kuiona chai ile ikiharibika, na pale katikati ya miche ya Kwamboka alijisikia yuko karibu naye kuliko ndani ya nyumba yenye kitanda kitupu.

Alijikuta akiongea naye kichwani. Akiona kifaranga kimeibwa na mwewe, alimsimulia. Akiunguza mboga, alimsikia akimcheka. Hakuwahi kujua kwamba unaweza kumkosea mtu na kumkosa, yote mawili siku moja.

Fred alikuja na pikipiki ya mizigo iliyojaa simenti. Alimkuta Bathsheba shambani kwa mama yake, kikapu mgongoni. Alisimama pembeni ya chai, mwanamume mzima mwenye kitambi kinachoanza, akikunja na kukunjua kofia.

"Mama," alisema, "nimekuja kuomba msamaha. Nilikupeleka mahali ambapo mtoto hampeleki mama yake. Nilisema ulichoma kwa wivu. Mama ameninunia tangu aje. Hali vizuri, haniongeleshi vizuri. Najua ni kwa sababu yangu."

Bathsheba alimtazama. Polepole ikamwingia akilini: Kwamboka hakumwambia. Amekaa na maumivu yale wiki zote hizo katika nyumba ya mwanawe, ameyaficha, ameacha Fred adhani yeye ndiye mkosaji, kuliko kumpa silaha ya pili dhidi ya Bathsheba. Aliushika mche wa chai.

Angeweza kumsamehe Fred pale pale. Ingekuwa rahisi, tena ingependeza. Kijana angeondoka mwepesi.

"Kikapu hiki kitoe kwanza mgongoni mwangu," alisema.

Fred akakitoa. Wakaketi kwenye matofali yaliyoungua, na Bathsheba akamwambia. Alimwambia kwa ufupi zaidi kuliko alivyomwambia mama yake, kwa sababu safari hii alijua njia. "Kuhusu mkono wangu, ulikosea, na hapo hakimu alikusahihisha. Kuhusu moyo wangu, hukukosea sana. Kwa hivyo usipige magoti. Mama yako hajakununia wewe."

Ndege walikuwa wanapigana juu ya migomba.

"Ulisema kwa nani mwingine?"

"Kwa mama yako tu."

"Na mahakamani ulitaka kusema."

"Nilijaribu. Hapakuwa na mahali pa kuliweka."

Alipangusa uso kwa kofia. Alionekana kama mtu aliyekuja na mzigo, akanyang'anywa, akapewa mwingine asiojua kuubeba. "Nilipokuwa nalipanga lile jiko," alisema mwishowe, "nilikuwa naliwaza litakavyoonekana kutoka dirishani kwako. Nilitaka Brandon asikie habari zake. Tulisoma darasa moja, unajua. Yeye ndiye aliyekuwa anapewa zawadi." Akainuka, akamvika kikapu tena mgongoni, akakaza mkanda wa paji la uso kwa uangalifu, akaenda kupakua simenti.

Kwamboka alirudi siku ya Ijumaa mchana, kuta zikiwa zimefika usawa wa dirisha. Bathsheba alikuwa jikoni kwake, akipika mapema ili Sabato isimkute motoni, macho yakimtoka machozi kwa moshi wa kuni mbichi. Alisikia mtu akitua mizigo barazani, akajua hatua zile, lakini hakuthubutu kutoka.

Kwamboka aliingia, akavuta kigoda, akaketi upande wa pili wa mafiga. Alikuwa amekonda. Hawakusalimiana.

"Fred ameniambia ulimwambia," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikaa nayo kama jipu ili asijue, wewe ukaenda ukampa."

"Alikuwa anabeba kisicho chake."

Kwamboka alisonya. Alisogeza kuni, moto ukakaa vizuri. "Kule mjini sikuwa na kazi. Nilikaa kwenye kochi la Fred nikatafuta. Nilijiambia, lazima na mimi nimewahi kuonea raha shida ya Bathsheba. Nikipata, nitarudi nayo, tutasameheana, mambo yaishe. Nilitafuta tangu siku niliyoolewa."

"Ukapata?"

"Nilipata vidogo. Kuna siku ulishindwa uchaguzi wa Dorkasi, kikundi cha akina mama kanisani, nikalala vizuri. Kuna kitenge nilikuambia kinakupendeza na hakikupendeza. Kikubwa kama hicho chako sikupata. Nilitaka nipate, Mama Brandon. Nilitaka sana."

Bathsheba aliinamisha kichwa. Alitaka kusema pole, lakini neno lilionekana dogo, kama kuzima moto kwa kijiko.

"Basi nimekuja tu," Kwamboka alisema. "Bila chochote. Bado inauma, nisikudanganye. Kuna asubuhi nitaamka nimekuchukia, uniache hivyo mpaka saa nne."

"Nitakuacha."

"Na hiyo simu ya Brandon. Siku ile hukuniambia hatakuja."

"Niliona aibu."

"Ungeniambia. Ungekuja kituoni ukaniambia, tukalia wote, moto ungekuwa na mtu wa kuuangalia." Akapangusa macho kwa upindo wa gauni, akalaumu moshi. Kisha akainama juu ya sufuria, akachota mchuzi wa maharagwe kwa mwiko, akauonja kwenye kiganja chake.

Alitafuna pole pole, akimtazama Bathsheba juu ya mafiga.

"Hauna chumvi hata kidogo," alisema. "Umekuwa ukila hivi siku zote hizo?"

Bathsheba akasema ndiyo, amekuwa akila hivyo, na Kwamboka akainuka kulitafuta kopo la chumvi, akinung'unika kwamba watu wakiachwa peke yao hawajui hata kujilisha.